MWACHENI MWALIMU AKASHIKE CHUMA



Ndugu zangu, posti ya leo ni ndefu. Asiye na nafasi aihifadhi, aisome baada ya Isha. Na wapo itakaowauma. Wakiumia wasinipigie simu usiku wa manane, waje msikitini tuzungumze.

Juzi baada ya Magharibi alinijia kijana. Namwita kijana lakini ana miaka 34, ana mke na watoto watatu, na mama yake mzazi anamtegemea yeye. Ni mwalimu wa hesabu kwenye shule moja binafsi, sitaitaja. Ana shahada. Huu ni mwezi wa tatu mshahara haujaingia, na kila akiuliza anaambiwa wazazi hawajalipa ada. Anaishi kwa twisheni ya jioni. Jirani yake ana karakana ya kuchomelea vyuma, anatengeneza mageti na grili za madirisha, na kazi zimemzidi. Amemwambia, njoo nikufundishe. Kijana anataka. Kaja kuniuliza: Sheikh, inafaa?

Nikamuuliza, kinachokuzuia ni nini? Nilidhani atasema pesa. Akasema, "Baba mkwe." Mzee kamwambia msibani, mbele ya watu, kwamba alimwoza binti yake kwa mwalimu, hakumwoza kwa mtu wa masizi. Halafu akaenda kwa mtu mwingine anayeheshimika katika dini, naye akamwambia asubiri tu, rizki imeshaandikwa, azidishe istighfari mlango utafunguka. Wallahi, hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi.

Nianze na wewe mzee wangu, na kila baba mkwe, mama mkwe, shemeji na rafiki wa shuleni mwenye ulimi kama huo. Nani kakwambia chuma kinamshusha mtu? Daud (a.s.) alikuwa Nabii na alikuwa mfalme. Hazina ilikuwa mkononi mwake. Fungueni Suratu Saba muone Allah alimpa nini: alimlainishia chuma, akamwamrisha atengeneze deraya na apime pete zake vizuri. Na Mtume wetu (s.a.w.) alipotaka kutuonyesha chakula bora kuliko vyote, alitutajia kile anachokula mtu kwa kazi ya mkono wake, na mfano aliotupa ni huyo huyo Daud. Zakariya (a.s.) alikuwa seremala. Nuh (a.s.) alishika mbao na misumari, na waliompita wakimcheka Qur'ani imewataja. Sasa wewe unayemcheka mkweo kwa sababu ya masizi, jitazame umesimama upande gani wa jahazi.

Khabbab bin al-Aratt (r.a.) alikuwa mhunzi pale Makka, akifua panga. Tajiri mmoja wa Kikuraishi, al-'As bin Wail, alikula kazi yake. Khabbab alipokwenda kudai, akaambiwa halipwi mpaka amkane Muhammad. Akakataa. Mnamwona huyo? Mikono yake ilikuwa na masizi, na tajiri aliyekuwa msafi wa nguo ndiye aliyekuwa mla haki za watu. Kijana wetu naye anadai mishahara mitatu kwa watu wanaovaa tai. Mzee, hao hujawasema msibani.

Najua mtaniambia, "Sheikh, tumesomesha kwa shida, shahada iende karakanani?" Hapa nawaelewa kidogo. Kuna mama aliuza shamba la minazi ili mwanawe asome. Lakini elimu ya hesabu haimtoki mtu akishika chuma. Atapima geti sawasawa, atajua bomba ngapi za mraba zinatosha na ngapi zitabaki, hatamwibia mteja wala hatajiibia mwenyewe. Katika madhehebu yetu ya Shafi yupo imamu mkubwa, al-Qaffal al-Marwazi, aliyefariki mwaka 417 Hijria. Mnajua "qaffal" maana yake nini? Fundi makufuli. Alikuwa akitengeneza makufuli mpaka akafika miaka 30 hivi, ndipo akageukia fiqhi, na leo sisi tunasoma kauli zake. Alitoka kwenye chuma akaenda kwenye kitabu, na jina la chuma hakulitupa. Wanazuoni wetu wameitwa kwa kazi zao: al-Khassaf, mshona viatu, al-Jassas, mtu wa chokaa, az-Zajjaj, mtu wa vioo. Walikuwa wakitambulishwa kwa hayo hadharani, na sisi tunaona aibu fundi kuingia kwenye picha ya harusi.

Na mimi sisemi haya nikiwa kando. Nilipokuwa na miaka 27, nina mke na mtoto mmoja, mjomba aliniita kwenye cherehani yake anifundishe. Nilikataa. Nilijiona ustadhi, ustadhi atashonaje suruali za watu? Miaka mitatu mke wangu alikuwa akiamka saa tisa usiku kukaanga maandazi, na mimi nimevaa kanzu iliyopigwa pasi nikitoa darsa kuhusu haki za mke. Allah anisamehe. Siku mwanangu aliporudishwa nyumbani kwa ada ya madrasa, madrasa ambayo mimi nasomesha, ndipo nilipokwenda kwa mjomba. Leo kati ya Adhuhuri na Alasiri mnanikuta nyuma ya msikiti nashona kanzu. Hakuna aliyeacha kuswali nyuma yangu kwa sababu hiyo. Nadhani.

Sasa kwa yule aliyemwambia asubiri. Ndugu yangu, mimi na wewe tunakula kwa nini? Tunakula kwa heshima ya watu, mara nyingi kwa bahasha. Basi ni rahisi sana kumwambia mwenye njaa avumilie. Istighfari ni haki na fungu lake ni kubwa. Lakini Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mtu akichukua kamba yake, akaenda kukata kuni akauza, ni bora kwake kuliko kuomba watu, wampe au wamnyime. Hakumwambia akae. Na ametuonya kwamba inamtosha mtu kuwa na dhambi kule kuwapoteza anaowalisha. Ukimwambia baba wa watoto watatu akae angoje, hujamfundisha tawakkul. Umemsaidia kuingia kwenye dhambi hiyo, na umemvisha kilemba juu yake.

Lakini wewe kijana, na wewe unayesoma huku ukisema moyoni "kesho naacha kazi", ngoja. Bado sijamaliza na wewe.

Hadithi hiyo hiyo ya kuwapoteza unaowalisha inakushika na wewe. Chakula cha mkeo na wanao ni wajibu wako leo. Si baada ya miezi minane utakapojua kunyoosha geti. Kuna maneno yanazunguka sana mitandaoni siku hizi, eti ruka tu, fuata ndoto zako, Allah atakudaka. Nani kawaambia? Mwenye kuruka peke yake ni mmoja. Wewe una watu watano mgongoni.

Tazameni alivyofanya az-Zajjaj niliyemtaja. Huyu aliishi Baghdad karne ya 3 Hijria, akifanya kazi ya vioo, na kipato chake kwa siku kilikuwa dirhamu moja na ushei. Akatamani kujifunza nahau kwa al-Mubarrad, ambaye hakuwa akifundisha bure. Hakuvunja vioo vyake akaenda kulala mlangoni kwa mwalimu. Alipatana naye: nitakulipa dirhamu moja kila siku. Akaendelea na vioo, akalipa, akajifunza, mpaka naye akawa imamu wa nahau. Kazi ya zamani ndiyo iliyobeba kazi mpya.

Basi nikakaa na kijana tukahesabu, kwa kalamu. Yeye mwalimu wa hesabu, nikamwambia aandike. Kodi, unga, mafuta, umeme, maji, nauli, dawa za mama. Hapo ndipo ugumu ulipoonekana. Mshahara wa shule ni wa kudai tu, kinacholisha nyumba ni twisheni, na twisheni ni jioni. Karakana nayo ni jioni. Akiingia karakanani kila siku, nyumba inalala njaa. Akibaki na twisheni tu, mwaka ujao atakuwa hapa hapa, na shule itakuwa inadaiwa mishahara kumi na tano.

Hapo sikuwa na jibu la raha, na msidanganyike kwamba lipo. Tulichopatana ni hiki: twisheni siku tatu, karakana siku mbili na Jumamosi nzima, na likizo ya Desemba yote aitumie kwenye chuma. Chaki asiiache mpaka geti limlishe miezi mitatu mfululizo. Pato litapungua, hilo ni lazima. Nikamwambia aende kwa mkewe amwonyeshe karatasi ile ile, asimfichie hata mstari mmoja. Istikhara aswali, lakini istikhara si kungojea ndoto ya kanzu nyeupe. Unaomba, unashauriana, unaangalia hesabu, unaenda.

Alirudi keshoye, mkewe amekubali na kasema ataanza kukaanga sambusa kuongezea. Nikamwambia, mshukuru, na ujue kisheria pesa ya sambusa ni yake. Si sehemu ya wajibu wake. Akitoa kwa hiari ni sadaka yake kwako, akikukopesha ni deni, liandike. Waume wengi mnakula hapa bila bismillahi.

Na mashine asiinunue kwa mkopo kausha damu. Riba ni riba, hata kama fomu yake ina picha ya mama anayecheka. Aanze na vifaa vya fundi wake.

Ninyi mafundi nanyi mnisikilize. Mnamchukua mtu kumfundisha, miaka miwili anafagia, ananunua chai, anabeba nondo, na siri ya kazi mmeificha mnaogopa atafungua karakana mkabala. Huo ni mkataba usiojulikana, na fiqhi yetu haitaki ujira wa giza. Semeni mwanzoni: muda gani, analipa nini au analipwa nini, atajua nini. Andikeni, wekeni mashahidi. Na mpeni kinyago cha kuchomelea. Nawaona mnachomelea na miwani ya jua ya barabarani, usiku macho yanawasha kama yametiwa mchanga, kisha mnasema ndiyo kazi. Jicho ni amana. Ukiwa fundi hodari bila cheti, VETA wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza mtaani na kumpa cheti chake, na ndio hao hao wenye kozi fupi. Chombo hicho kipo kwa sheria tangu 1994. Ulizeni chuo kilicho karibu nanyi badala ya kulalamika kwamba zabuni zinachukuliwa na wengine.

Neno la mwisho ni kwa matajiri wetu, na kwa kamati za misikiti, yangu ikiwemo. Kila Ramadhani tunagawa kilo mbili za sukari na tambi, tunapiga picha, na mwaka ujao foleni ni ile ile na sura ni zile zile. Imam Nawawi katika al-Majmu' ameeleza, akizungumzia fungu la mafakiri na maskini katika zaka, kwamba mwenye ufundi apewe cha kununulia vifaa vya ufundi wake, thamani yake iwe ndogo au kubwa. Someni tena: iwe ndogo au kubwa. Wanazuoni wa madhehebu yetu wameandika hivyo zaidi ya miaka 700 iliyopita, na sisi bado tuko kwenye sukari. Mashine ndogo ya kuchomelea ni laki chache. Katika mtaa huu wapo watu watatu nawajua kwa majina ambao zaka ya mmoja wao inanunua mashine tano.

Jumamosi hii kijana anaanza. Nimeongea na jirani yake wakaandikiana, mimi na muadhini tukawa mashahidi. Baba mkwe nimemfuata nyumbani. Alinikaribisha kahawa, hakusema ndiyo, hakusema hapana, lakini aliuliza geti la nyumba yake linaweza kugharimu kiasi gani. Nikamwambia asubiri mkwewe ajue kazi kwanza.

Ijumaa baada ya swala nitakaa barazani. Mwenye karakana, cherehani au gereji aliye tayari kuchukua mwanafunzi kwa masharti ya wazi, aje. Mwenye zaka yake, aje. Anayetaka kujifunza aje na karatasi ya hesabu ya nyumba yake, na akiweza aje na mkewe.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.