Mjusi wa Buluu Asiye na Jina

Mwanafunzi akiambiwa ataje mijusi aijuayo, aghalabu ataanza na mjusi kafiri, yule mweupe awindaye nondo karibu na taa, kisha atanyamaza. Hata jina hilo lenyewe ni la dharau, na watoto wengi humrushia kandambili bila kujua kosa lake.

Ana jamaa yake mdogo, asiyefika sentimita 10 pamoja na mkia, ambaye sijapata kumwona katika kamusi zetu. Makao yake ni msitu wa Kimboza na vipande vichache vya misitu ya karibu, chini ya milima ya Uluguru, Morogoro. Dume ni buluu angavu, koo lake jeusi na tumbo la rangi ya chungwa. Jike ni kijani. Huyu haviziagi taa usiku bali huota jua mchana, juu ya mti wa jamii ya mkadi. Mti huo wataalamu waliupa jina la Rabai yetu ya Pwani. Mjusi mwenyewe, Arthur Loveridge alipomweleza mwaka 1952, alipewa jina la Mzungu: williamsi.

Wafanyabiashara wa Ulaya hawakukosa neno la kumwitia. Inakadiriwa kwamba kati ya 2004 na 2009 zaidi ya mijusi 32,000 ilikamatwa ili iuzwe ng'ambo, ikafugwe ndani ya vioo. Mikadi ilikatwa ili wakamataji wawafikie, na hivyo kiumbe akapotezewa hata pa kutagia.

Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya mijusi hawa waliotoka msituni. Atasema mtu kwamba kilichowaokoa ni sheria, si msamiati. Hewala. Lakini sheria hiyo hutekelezwa na askari wa misitu, afisa wa forodha na mwanakijiji, ambao lugha yao ya kazi ni Kiswahili. Wakitaka kuonyana juu yake, watamwita nani? Mjusi kafiri?

Watunzi wa kamusi wasikimbilie kubuni istilahi wakiwa ofisini Nairobi au Dar es Salaam. Waende kwanza Kimboza, wawaulize wazee wanaoishi kando ya msitu wanamwitaje. Nasi walimu wa Kiswahili tusimsukumie mwenzetu wa sayansi kazi hii.