Aliyegongwa Bila ya Kosa Asibebeshwe Mzigo wa Betri

Kila mwenye gari katika Visiwa hivi hulipa bima kwa lazima ya sheria, na gari lisilo na bima haliruhusiwi kupita njiani. Makusudio ya lazima hiyo ni mepesi kufahamika. Akitokea dereva mmoja akamdhuru mwenziwe kwa uzembe, yule aliyedhuriwa asije akaambiwa kwamba mkosaji hana cha kumlipa. Na msingi wa malipo hayo ni wa haki tupu: aliyeharibiwa mali yake bila ya kosa arudishwe, kwa kadiri fedha inavyoweza kumrudisha, katika hali aliyokuwa nayo kabla ya kuharibiwa. Asipunjwe, wala asitajirishwe.

Kwa miaka mingi msingi huo umetumika kwa gari la petroli bila ya utata mkubwa. Polisi hupima njia na kuandika taarifa yake. Mkadiria hasara huja akalitazama gari, akahesabu bampa iliyovunjika, mlango uliobonyea na taa zilizopasuka. Fundi hunyoosha bodi na kupuliza rangi, ankara hulipwa, na shauri huishia hapo. Utaratibu huu unategemea jambo moja, nalo ni kwamba hasara iliyo kubwa huonekana kwa macho.

Magari ya umeme yameubatilisha utegemezi huo. Tayari yamekwisha kuingia Tanzania, pamoja na pikipiki na bajaji za aina hiyo, na kwa kuwa soko letu linategemea zaidi magari yaliyokwishatumika Japani, hapana shaka kwamba yatazidi kuteremshwa bandarini petu. Tulitazame moja lililo mashuhuri, Nissan Leaf, ambalo lilianza kuuzwa Desemba 2010. Chini ya sakafu yake limelazwa sanduku la betri lenye uzito wa karibu kilo 300, na nguvu ya umeme ndani ya sanduku hilo ni volti zipatazo 360, hali umeme wa majumbani mwetu ni volti 230. Katika gari la namna hii betri ndiyo mali iliyo kubwa kuliko zote. Nayo ndiyo isiyoonekana.

Natuchukue mfano. Mwalimu wa skuli anakwenda zake kwa taratibu, akagongwa ubavuni na gari la mizigo lililotoka njia ndogo bila ya kusimama. Gari lake linasukumwa likapanda ukingo wa barabara, na tumbo lake likajipiga penye jiwe. Polisi wanaandika kwamba kosa ni la dereva wa gari la mizigo, na dereva mwenyewe hakani. Mkadiria hasara anahesabu milango miwili, rangi na kioo. Mwalimu anatia sahihi karatasi ya kukubali kwamba amelipwa haki yake yote. Baada ya miezi miwili taa ya hatari inawaka, na gari lililokuwa likienda Makunduchi na kurudi sasa halimalizi nusu ya safari. Akirudi kudai, anaonyeshwa sahihi yake. Sheria ilimpa haki kamili, lakini kilichomfikia ni thamani ya milango miwili.

Upo na upande wa pili wa kosa hilo hilo. Shirika la bima, likiwa halina mtu wa kulikagua sanduku la betri, laweza kuamua kwamba gari zima limekwisha, hata kama betri haikuguswa. Mwenyewe atapewa bei ambayo huenda isimnunulie gari jingine, na mabaki yatauzwa kwa atakayeyataka. Hapa naye aliyegongwa amepunjwa, na shirika nalo limelipa zaidi ya lililostahili. Hasara ya namna hiyo haimezwi na shirika peke yake, kwani mwisho wake huongezwa katika malipo ya bima ya sisi sote.

Jambo hili haliwasumbui wakaazi wa Visiwani peke yao. Nchini Uingereza, ambako mafundi na vifaa ni vingi, taasisi ya utafiti wa magari iitwayo Thatcham Research ilieleza mwaka 2023 kwamba madai ya magari ya umeme yaligharimu kiasi cha asilimia 25 zaidi kuliko ya magari ya petroli na dizeli, na matengenezo yake yalichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 14. Ikiwa hali ni hiyo huko, sisi tusiokuwa na maandalizi tujiulize hali yetu itakuwaje.

Tena sisi ni watu wa visiwa, na hilo linatuongezea mzigo. Yaweza kusemwa kwamba gari lililogongwa lipakiwe melini, lipelekwe Bara kwa wanaojua kulitengeneza. Lakini betri ya lithiamu iliyoumia si shehena ya kawaida. Yaweza kutulia kwa saa nyingi, au kwa siku kadhaa, kisha ikajichemsha yenyewe ndani kwa ndani na kuwaka moto, na ikishazimwa yaweza kuwaka tena. Maji ya chumvi nayo huiharibu: huko Florida, baada ya kimbunga Ian cha Septemba 2022, baadhi ya magari ya umeme yaliyofunikwa na maji ya bahari yaliwaka moto siku nyingi baada ya maji kupungua. Kanuni za usafiri wa anga zimekataza kabisa betri za namna hii zilizoharibika zisipakiwe ndegeni, na kanuni za bahari zinazihesabu kuwa shehena ya hatari yenye masharti yake ya ufungaji.

Visiwa hivi havihitaji kufundishwa thamani ya masharti ya vyombo vya baharini. Tulizika watu wetu Septemba 2011 ilipozama Spice Islander I, ikiwa imepakia kupita kiasi, na tukazika tena Julai 2012 ilipozama Skagit. Misiba ile haikutokana na betri, lakini ilitufunza kwamba chombo kinachopakia bila ya kuuliza kimebeba nini ni chombo kinachocheza na roho za watu. Gari la umeme lililobonyea tumboni, likiingizwa melini kati ya magunia na abiria bila ya cheti cha mkaguzi, ni swali ambalo lapasa kujibiwa kabla ya msiba.

Wapo watakaosema kwamba magari haya bado ni machache, na kwamba mwenye uwezo wa kununua gari la umeme anao pia uwezo wa kukata bima kubwa akajilinda mwenyewe. Hoja hiyo haisimami. Bima kubwa humfaa mwenye nayo, na shirika lake likishamlipa husimama mahali pake kumdai mkosaji; lakini hata shirika hilo haliwezi kudai hasara ambayo hapana aliyeipima. Na kuhusu uchache, huo ndio wakati wa kuweka utaratibu. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta huu tutaujenga sote kwa malipo yetu ya bima.

Wapo pia watakaosema, na hawa wana haki ya kusikilizwa, kwamba mashirika ya bima yasilazimishwe kununua betri mpya kwa ajili ya betri iliyochakaa. Ni kweli. Betri ya gari hupungua nguvu kadiri ya umri na matumizi, na anayerudishiwa mpya badala ya kuukuu ametajirishwa. Lakini dawa ya tatizo hilo ni kuwa na kumbukumbu. Katika Leaf, dereva huiona hali ya betri yake mbele ya macho, kwa vipande 12 vinavyopungua kimoja kimoja, na mafundi wana vyombo vya kuisoma kwa uhakika zaidi. Hali hiyo ikiandikwa siku gari linapoingia nchini, na ikaandikwa tena kila mwaka bima inapokatwa upya, siku ya ajali hapatakuwa na mabishano juu ya nini kilikuwapo kabla.

Kwa hiyo tunayaweka mbele ya wahusika mambo manne.

Kwanza, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ielekeze kwamba dai lolote la gari la umeme lililogongwa lisifungwe mpaka betri imekaguliwa na taarifa yake imeandikwa, na gharama ya ukaguzi huo iwe sehemu ya fidia anayolipa mkosaji kwa bima yake. Shirika la Bima la Zanzibar, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1969, lingeweza kuwatangulia wengine katika jambo hili hata kabla ya kuamrishwa.

Pili, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume ipewe vifaa na walimu wa kuwafunza mafundi wetu kukata umeme wa gari kwa usalama na kuipima betri. Fundi hodari wa bodi anayefungua gari hili bila ya mafunzo huenda asiipate nafasi ya pili ya kujifunza. Kadhalika, mpuliza rangi afahamu kwamba joto kali la kukaushia rangi laweza kuidhuru betri isiyolindwa.

Tatu, Polisi na Kikosi cha Zimamoto na Uokozi watengewe uwanja wa kuweka magari ya umeme yaliyoharibika, nje, mbali na majumba. Miongozo inayotumika Marekani inataka gari la namna hiyo litengwe kwa masafa ya futi 50, yaani kama mita 15, na majengo na magari mengine. Uwanja wa kituo cha polisi uliojaa pikipiki zilizokamatwa haufai.

Nne, Shirika la Bandari na Mamlaka ya Usafiri Baharini watangaze kwa lugha inayofahamika masharti ya kulivusha gari la umeme lililopata ajali, baina ya Unguja, Pemba na Bara, na nani mwenye mamlaka ya kutoa cheti chake.

Wakati hayo yakingojewa, mwenye gari naye ana wajibu wake. Akigongwa, alizime gari, atoke, asiruhusu mtu kugusa nyaya za rangi ya chungwa, na asilikubalie gari kuvutwa huku magurudumu yanayoliendesha yakibiringika chini, kwani kuzunguka kwake huzalisha umeme. Lipandishwe juu ya gari jingine. Awaite polisi, wala asipatane njiani kwa fedha taslimu na aliyemgonga, kwa kuwa fedha hiyo imehesabiwa kwa macho. Alipige picha gari na mahali pa ajali. Alijulishe shirika lake na lile la mkosaji kwa maandishi. Na lililo kubwa kuliko yote, asitie sahihi karatasi ya kumaliza madai mpaka taarifa ya betri imo mkononi mwake. Akinyimwa, ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ya kumpelekea malalamiko, na ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Serikali imekuwa ikiwahimiza wananchi kupokea maendeleo, na wananchi wameyapokea. Gari lisilotoa moshi ni neema kwa mji wenye vichochoro kama wetu. Lakini mwananchi aliyefuata sheria, akalipa bima, akaenda upande wake wa njia, kisha akagongwa, hana jambo jingine aliloweza kufanya. Lililobaki ni la wenye mamlaka, na gharama yake ni ndogo: kumkagulia betri kabla ya kumwekea kalamu mbele yake.