Afya: Mshipa wa shingo wenye stenti una kipimo chake

Mgonjwa aliyewekewa stenti kwenye mshipa wa shingo anaweza kuambiwa, miezi michache baadaye, kwamba mshipa umeanza kuziba tena ilhali uko wazi. Mashine inaweza kuwa nzima kabisa, kosa likawa katika kusoma tarakimu zake.

Mishipa ya karotidi, mmoja kila upande wa shingo, hupeleka damu kwenye ubongo. Mafuta yakijikusanya ndani yake, kipande kinaweza kukatika na kuleta kiharusi. Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma kinachopanua mahali palipobana. Kisha mgonjwa hufuatiliwa kwa ekografi ya Doppler, inayopima kasi ya damu. Njia ikibana, damu hukimbia, kama maji ya mpira uliobanwa kwa kidole.

Lakini chuma huufanya mshipa kuwa mgumu. Hautanuki vizuri kwa kila pigo la moyo, hivyo kasi hupanda hata pasipo kizuizi. Vigezo vilivyochapishwa na wataalamu wa Marekani mwaka 2003 vilihusu mshipa usio na stenti: kuanzia sentimita 125 kwa sekunde, njia huhesabiwa imebana kwa nusu au zaidi. Mwaka 2008, Brajesh Lal na wenzake walipendekeza 220 kwa mshipa wenye stenti. Kwa hiyo kasi ya 200 ni onyo kwa mgonjwa mmoja, na kwa mwingine huenda isiwe na uzito huo.

Hata hivyo, hatari ipo. Katika utafiti wa CREST, uliofanyika Marekani na Kanada kwa wagonjwa 2,502, karibu asilimia 6 ya waliowekewa stenti na kufuatiliwa walikutwa mshipa umebana sana tena au umeziba ndani ya miaka miwili. Waliopasuliwa walikuwa karibu sawa nao. Wale ambao mshipa ulibana tena walipata kiharusi zaidi kuliko wenzao.

Ndiyo maana ekografi ya kwanza, inayofanywa mapema baada ya stenti, ina thamani kubwa. Kasi ya siku ile ndiyo msingi wa kulinganisha. Ikipanda mwaka hadi mwaka, daktari ana sababu ya kuchunguza zaidi. Kwa Mkongomani anayetibiwa nje ya nchi na kufuatiliwa nyumbani, karatasi hiyo isibaki kule. Bila hiyo, daktari wa hapa anaweza kuogopa bure, au kuchelewa kuogopa.