Kitufe cha ‘Sport’ na kilomita 1,000 za kwanza: nani anabeba gharama?

KWA miaka mingi, mnunuzi wa kawaida wa gari mjini Nairobi au Dar es Salaam hakuwa na sababu ya kujiuliza namna ya kuizoesha injini mpya. Gari lake lilitoka Japani likiwa limekwisha kutembea maelfu ya kilomita, na kazi hiyo ilikwisha kufanywa na mtu mwingine asiyemfahamu.

Magari ya mtumba bado ndiyo mengi barabarani. Hata hivyo, magari mapya yanayounganishwa nchini Kenya, pamoja na yale ya chapa za China, yanawafikia pia watu ambao hawajawahi kumiliki gari lenye kilomita sifuri, na baadhi yao hununua kwa mkopo wa miaka kadhaa. Aidha, mengi ya magari hayo yana kitufe ambacho wazee wao hawakukijua, nacho kimeandikwa “Sport”.

Swali linalowasumbua wengi wao ni iwapo kitufe hicho kinaweza kubonyezwa katika wiki za mwanzo bila kuidhuru injini. Swali hilo lina upande wa kiufundi, ambao majibu yake yanafahamika. Lina pia upande wa uwajibikaji, ambao hauzungumzwi vya kutosha.

Katika injini mpya, kuta za silinda huwa na mikwaruzo myembamba iliyochorwa kiwandani kwa makusudi ili ishike oili. Ringi za pistoni husugua kuta hizo hadi zikaoana nazo. Zikishaoana vizuri, mgandamizo hauvuji na oili haipandi juu kuungua.

Ili kazi hiyo ikamilike, ringi zinahitaji kusukumwa ukutani kwa nguvu ya wastani inayopanda na kushuka. Nguvu ikizidi mapema, joto hupanda na utando wa oili hukatika. Ikiwa ndogo mno kwa muda mrefu, ukuta hung’aa kama kioo na ringi hazikai sawasawa tena.

Masharti ya watengenezaji yanatokana na ukweli huo. Vitabu vya magari mengi ya Toyota humtaka dereva aepuke kufunga breki kwa ghafla katika kilomita 300 za mwanzo, na asivute tela kabla ya kilomita 800. Katika kilomita 1,000 za kwanza anatakiwa asiende kwa kasi kubwa mno, asiongeze mwendo kwa ghafla, asikae muda mrefu katika gia ndogo, wala asishikilie mwendo mmoja kwa muda mrefu.

BMW huweka mpaka wa kilomita 2,000. Kwa magari yake ya daraja la M, kampuni hiyo hutaka gari lirudishwe kwa huduma maalumu likifikisha umbali huo, ambapo oili ya injini na ya difu hubadilishwa.

General Motors ya Marekani ilikwenda mbali zaidi. Katika Chevrolet Corvette ya mwaka 2020, kompyuta hupunguza nguvu katika gia mbili za kwanza hadi gari limalize maili 500, sawa na kilomita 800 hivi. Kwa maneno mengine, suala hilo halikuachwa kwa hiari ya dereva.

Kwa upande wake, kitufe cha Sport katika magari mengi ya kawaida hakiongezi uwezo wa injini. Kinachofanya ni kuiagiza kompyuta iitikie mguu kwa haraka zaidi, ichelewe kupandisha gia na iwahi kuishusha. Matokeo yake, gari likienda kwa mwendo ule ule katika barabara ile ile, injini huzunguka mara nyingi zaidi kwa dakika kuliko kawaida.

Kwa mantiki hiyo, kitufe chenyewe hakiwezi kubebeshwa lawama yote. Dereva mwenye mguu mwepesi aliyekiwasha kwa dakika chache, injini ikiwa imekwisha kupata moto, anaweza kuleta madhara madogo kuliko yule anayekanyaga mafuta hadi mwisho bila kukigusa. Tatizo ni kwamba kitufe hicho humwelekeza dereva katika mambo mawili ambayo kitabu kinayakataza, yaani kukaa katika gia ndogo na kuongeza mwendo kwa ghafla.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kuwasha “Eco” na kwenda taratibu siku zote. Hilo nalo lina kasoro. Vitabu vile vile vya Toyota vinakataza kwenda polepole gari likiwa katika gia kubwa, na safari ndefu ya mwendo mmoja haizipi ringi mabadiliko zinayoyahitaji. Kwa hiyo, hali ya kawaida ya uendeshaji, yenye mwendo unaobadilika, ndiyo inayokaribiana zaidi na maagizo ya viwanda.

Wapo pia wanaoshikilia kwamba injini mpya inapaswa kuendeshwa kwa nguvu tangu siku ya kwanza. Hoja yao ina chembe ya ukweli, kwani ringi haziwezi kukaa pasipo kusukumwa. Aidha, injini za leo hutengenezwa kwa vipimo sahihi zaidi kuliko zile za zamani. Lakini kati ya nguvu ya wastani na kukanyaga hadi mwisho kuna nafasi kubwa, na injini si kitu pekee kilicho kipya katika gari. Meno ya gia na pedi za breki hayajazoeana na vipuri vinavyogusana navyo, na matairi mapya hayajashika barabara ipasavyo.

Hapa ndipo suala la uwajibikaji linapoingia. Madhara ya kuizoesha injini vibaya mara nyingi hayaonekani mwezi wa kwanza. Hujitokeza baadaye, gari linapoanza kula oili, na pengine wakati huo waranti imekwisha huku mkopo ukiwa bado unalipwa. Hata waranti ikiwa hai, kompyuta za baadhi ya magari huhifadhi kumbukumbu ya injini iliyozungushwa kupita kiasi, na kumbukumbu hiyo inaweza kutumika dhidi ya mmiliki.

Maelezo yote hayo yamo katika kitabu kinachowekwa garini. Lakini vitabu vingi vinavyokuja na magari mapya Afrika Mashariki vimeandikwa kwa Kiingereza, na kurasa zake ni mamia. Muuzaji anayepata muda wa kumwonyesha mteja kitufe cha Sport siku ya kukabidhi funguo anaweza pia kumwonyesha ukurasa mmoja wa masharti ya kilomita 1,000 za kwanza, tena kwa lugha anayoielewa. Gharama yake ni karatasi moja na dakika tano.

Suala hili haliwahusu wenye magari ya kifahari peke yao. Pikipiki nyingi za bodaboda hununuliwa zikiwa mpya, na kwa wengi ni kwa mkopo. Hazina kitufe cha Sport, lakini pistoni na ringi zake hufuata kanuni zile zile. Kijana anayepakia abiria wawili na gunia siku ya kwanza, ili apate rejesho la siku hiyo, anakabiliwa na hatari ile ile, tena akiwa na akiba ndogo zaidi ya kulipia matengenezo.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Injini nayo hupata tabia yake ikiwa bado mpya, na mwenye kulipa deni lake ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajakabidhiwa funguo.