"Risasi zipo, usijali"

Nilipotea kidogo. Nilikuwa nyumbani Lufingo, Rungwe, kumaliza mambo ya msiba wa baba mkubwa. Mvua ilikuwa ile ile ya Tukuyu mnayoijua, matope hadi magotini, ndizi asubuhi na ndizi jioni. Sasa nimerudi Dar na kuna jambo limenikaa kooni, nalitema hapa.

Siku ya tatu baada ya matanga, kaka yangu, mtoto wa marehemu, aliniita chumbani akafunga mlango. Chini ya godoro akatoa kitu kilichofungwa kwenye kanga. Bastola. Ilikuwa ya baba yake, alikuwa nayo kwa kibali tangu zamani. Imechakaa, na risasi zake hazipatikani tena. Kaka analima parachichi, na msimu uliopita wezi walimvunia usiku kabla hajavuna yeye. Ana hasira, na simlaumu.

"Mdogo wangu, wewe ni mwandishi, umeona mengi," akaniambia. "Kuna fundi mmoja amesema anaweza kuirekebisha ile risasi za jeshi. Nikamuuliza risasi nitapata wapi, akasema risasi zipo, usijali."

Ndugu msomaji, hayo maneno mawili, "risasi zipo", ndiyo yaliyoninyima usingizi. Zipo wapi? Kwa nani? Zimetokaje huko?

Sisi tukizungumzia silaha haramu huwa tunaangalia chuma. Polisi wakikamata bunduki, gazeti linapiga picha ya bunduki. Risasi zinatajwa mwishoni, "pamoja na risasi kadhaa". Nadhani tunaangalia upande usio sahihi. Bunduki inaweza kulala chini ya godoro miaka arobaini. Risasi ikipigwa imekwisha, lazima utafute nyingine. Kwa hiyo mwenye risasi ndiye mwenye bunduki, hata kama bunduki iko chumbani kwako.

Hamuamini? Tuangalie historia ya kwetu wenyewe. Tukuyu hii Wajerumani waliiita Neu Langenburg, na majeshi ya Jenerali Northey wa Uingereza yaliichukua mwishoni mwa Mei 1916. Von Lettow-Vorbeck alipoanza vita mwaka 1914, askari wake wengi, babu zetu, walikuwa na bunduki za muundo wa 1871. Zilitumia risasi nene za milimita 11 zenye baruti ya moshi. Ukipiga mara moja tu, wingu la moshi linamwonyesha adui ulipojificha.

Waliondokana nazo vipi? Novemba 1914 waliwashinda Waingereza pale Tanga, wakakuta bunduki 455 na risasi kama 600,000 zimeachwa. Aprili 1915 meli ya Rubens ikawaletea shehena hadi ghuba ya Manza, lakini Waingereza waliishambulia na risasi zikalowa maji ya bahari. Ikabidi zifunguliwe moja moja na kukaushwa baruti, na bado nyingi ziligoma kulia. Kisha tarehe 25 Novemba 1917, pale Ngomano ng'ambo ya Ruvuma, wakaivamia kambi ya Wareno na kuondoka na bunduki na risasi zao.

Hapa ndipo ninapopataka. Risasi za Wareno zilikuwa za milimita 6.5, na za Kijerumani zilikuwa za 7.9. Haziingiliani. Basi askari wakaacha bunduki zao na kuchukua za Wareno, pamoja na risasi zake. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, waliposalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, walikabidhi bunduki 1,071, na zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Mjerumani lilimaliza vita likiwa limeshika bunduki za maadui zake, kwa sababu maadui ndio waliokuwa na risasi.

Kenya nako hadithi inafanana. Miaka ya 1950 wapiganaji wa Mau Mau walitengeneza bunduki msituni kwa mabomba ya maji, mbao, makomeo ya milango na mipira. Nyingi zilitengenezwa kufuata risasi ya jeshi la Mwingereza, ile ya .303, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiibwa na kupitishwa kwa siri. Serikali ya kikoloni ililijua hilo vizuri, ikafanya kukutwa na risasi tu kuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi mwenyewe alishtakiwa kwa kukutwa na bastola na risasi, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Wale walikuwa wanapigania ardhi yao na hawakuwa na njia nyingine. Kaka yangu anapigania parachichi.

Nilimweleza mambo matatu. La kwanza ni mkono wake. Mtutu hutengenezwa kubeba nguvu ya risasi yake. Ukiulazimisha kubeba risasi ya jeshi ambayo haukuumbiwa, gesi ile moto hutafuta pa kutokea, na sehemu dhaifu ikiachia, kilicho karibu ni vidole na uso wa mpigaji. Mwizi atakimbia na gunia, wewe utapelekwa hospitali.

La pili ni sheria. Kibali kilikuwa cha baba, hakirithiwi kama shamba. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hakuna fundi wa uchochoroni anayeruhusiwa kugusa kitu hicho.

La tatu ndilo kubwa. Risasi ya jeshi haiuzwi dukani. Ikifika Lufingo, ujue imeibwa ghalani au imevuka mpaka ikitokea kwenye vita ya watu wengine. Siku utakapoibadili bastola ili ile risasi hiyo, umejiandikisha kuwa mteja wa mtu huyo. Zikikuishia utamrudia. Naye anawauzia na majambazi, tena labda hao hao wanaokuvunia parachichi.

Kaka alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Sasa wezi nao tuwafanyeje?" Hapo, wadau, sikuwa na jibu la maana. Nikasema habari za ulinzi wa zamu, nikasema mwenyekiti wa kijiji. Nilijisikia kama mtu anayesoma bango.

Asubuhi yake tulikwenda kituoni pamoja, kile kibali cha zamani kikiwa ndani ya bahasha, akaikabidhi. Tulirudi kimya kwenye daladala. Shamba bado liko pale, na msimu unakaribia.

Kwa hiyo namalizia kwa wakubwa. Msamaha wa kusalimisha silaha ni jambo jema, lakini nataka kusikia habari za risasi. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo nchi yetu ilitia saini, inadai silaha ziwekwe alama ili zifuatiliwe. Kitako cha risasi ya jeshi nacho kwa kawaida huwa na alama ya kiwanda na mwaka. Inasomeka. Ikiokotwa moja kijijini, aulizwe mwenye ghala, siyo mkulima peke yake. Na mkulima naye apewe sababu ya kutohitaji bastola, yaani askari anayefika usiku akipigiwa simu.

Vinginevyo yule fundi ataendelea kuwaambia vijana wetu kwamba risasi zipo. Na atakuwa anasema kweli.

Mnasemaje wadau? Naomba kuwasilisha.