Trela ikivuka mpaka wa kaunti: karatasi gani zinahama nayo?

Tuseme wewe ni mkandarasi mdogo wa Moiben, kaunti ya Uasin Gishu. Huna duka wala ofisi. Biashara yako yote iko juu ya trela: mashine ya kukoroga zege, jenereta, mashine ya kuchomelea vyuma, mbao na mapipa ya maji. Unajenga matangi ya maji, mabanda ya ng'ombe na maghala ya mahindi. Sasa wateja wako wengi wako Trans Nzoia, na umeamua kuhamia huko.

Kutoka Eldoret hadi Kitale ni kama kilomita 70. Trela itafika kabla ya saa sita mchana. Karatasi zake, hata hivyo, hazitembei kwa mwendo huo. Baadhi zinahama nawe bila shida, nyingine zinafia mpakani. Asiyejua tofauti hiyo huishia kulipa mara mbili, au kukaa na mashine zilizozuiliwa huku mteja akisubiri.

Zinazohama nawe

Karatasi zilizotolewa na serikali ya kitaifa zinafanya kazi katika kaunti zote 47. Nambari ya usajili ya trela, ile inayoanza na herufi Z, haibadiliki. Ya trekta au gari linaloivuta pia haibadiliki. Kama umesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, wewe ni mkandarasi kote nchini. Iwe uko daraja la 8, ambalo ndilo la chini kabisa, au la juu zaidi, huombi usajili mpya kwa sababu umehama. Kinachotakiwa ni leseni yako ya mwaka iwe hai.

PIN ya Mamlaka ya Ushuru (KRA) nayo ni ile ile. Lakini hapa wengi hujikwaa: ukibadilisha mahali pa biashara, sheria inakutaka uiarifu KRA ndani ya siku 30.

Inayobaki nyuma

Kibali cha biashara ndicho kisichovuka. Katiba ya 2010 iliwapa magavana na mabunge ya kaunti kazi ya kutoa leseni za biashara. Kila kaunti hupitisha Sheria yake ya Fedha, na humo ndimo viwango vya ada hupangwa. Ndiyo maana kazi ile ile, yenye wafanyakazi wale wale watatu, inaweza kutozwa ada tofauti ukivuka mto tu.

Kwa mwenye duka hili si tatizo kubwa, maana duka halitembei. Kwa mwenye trela ni jambo jingine. Pale Moi's Bridge, kaunti za Uasin Gishu, Trans Nzoia na Kakamega zimekaribiana kiasi kwamba fundi anaweza kufanya kazi katika zote tatu ndani ya wiki moja. Je, achukue vibali vitatu?

Katiba inasema nini?

Katiba haikulisahau jambo hili. Kifungu cha 209(5) kinasema kaunti isitumie mamlaka yake ya kutoza kodi kwa namna inayodhuru shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti, au kuzuia bidhaa, huduma, mtaji na wafanyakazi kusafiri nchini. Kifungu cha 210 kinaongeza kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa.

Maana yake ni kwamba askari wa kaunti, hawa ambao bado tunawaita kanjo, hana ruhusa ya kubuni ada kando ya barabara. Akikudai pesa, una haki ya kuuliza ni ada ya nini, iko katika sheria ipi, na risiti rasmi iko wapi.

Itasaidia kutenganisha mambo matatu. La kwanza ni kupita: trela inakatiza kaunti kwenda kwingine. Huyo hafanyi biashara hapo, na kumdai kibali cha biashara ni kwenda kinyume na kifungu cha 209. La tatu ni kuhamia: umekodi uwanja, unalaza mashine hapo na kupokea wateja hapo. Huyo anapaswa kuchukua kibali cha kaunti mpya, bila ubishi.

Ugomvi uko katika la pili, yaani kazi ya muda. Umeitwa kujenga tangi moja kwa siku nne kisha unarudi kwenu. Ofisa mmoja atakuambia kibali chako cha nyumbani kinatosha, mwingine atadai cha mwaka mzima. Mfanyabiashara mdogo hawezi kwenda Mahakama Kuu kudai haki yake kwa kazi ya siku nne. Analipa, au anaikataa kazi. Hasara inamwangukia pia mkulima aliyekuwa akisubiri tangi hilo kabla ya mvua.

Kaunti nazo zina hoja yake. Trela nzito huchakaza barabara za mashambani, na anayepata faida katika soko la watu achangie kulitunza. Lakini mwenye trela tayari analipa: tangu Julai 2024, kila lita ya dizeli ina shilingi 25 za ushuru wa kutunza barabara. Kumtoza kibali kizima katika kila kaunti ni kumwadhibu kwa sababu biashara yake ina magurudumu.

Kabla hujafunga trela

Kwanza, nenda ofisi ya biashara ya kaunti mpya, au ya kaunti ndogo, kabla ya kuhamisha mashine. Uliza uko katika kundi gani la ada, na kama kibali kinahesabiwa miezi 12 tangu siku ya kulipa au kinaisha Desemba. Ukihama Oktoba, jibu hilo linaweza kukuokolea pesa nyingi.

Pili, iandikie kaunti unayoiacha barua ya kufunga biashara, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Ukiondoka kimya, jina lako linaweza kubaki kwenye orodha ya wadaiwa.

Tatu, lipa kwa njia rasmi ya kaunti kupitia simu, si mkononi mwa mtu. Piga picha kila risiti na kila cheti, uziweke kwenye simu.

Nne, usikione kibali kipya kuwa hasara tupu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 20 ya zabuni zao kwa wakazi wake. Kibali cha hapo kitakusaidia kuonyesha kwamba nawe sasa ni wa hapo.

Dawa ya kudumu haiko kwa mwenye trela. Kaunti jirani zinaweza kukubaliana kwamba kibali cha moja kitatambuliwa na nyingine kwa kazi ya siku chache, au kuweka ada ndogo ya muda. Hilo linaweza kuandikwa katika Sheria ya Fedha ya kila mwaka, ambayo bunge la kaunti haliruhusiwi kuipitisha bila kusikiliza maoni ya wananchi. Mikutano hiyo ikitangazwa, wenye maduka hufika. Wenye trela huwa njiani. Mwaka huu, mwenzangu, jaribu kufika.