Maombi ya Mwezi: Waliofungwa katika Eritrea

Mwezi huu twawasihi muwakumbuke Wakristo wa Eritrea. Mwezi Mei mwaka 2002 serikali ya nchi ile ilifunga makanisa yote, isipokuwa ya Waorthodoksi, Wakatoliki na Walutheri. Waliozidi kusali kwa siri nyumbani walikamatwa, wengi pasipo kuhukumiwa. Wengine walitiwa katika makontena, yaani yale masanduku ya chuma ya shehena za meli. Mchana huwaka kama tanuru, na usiku ni baridi kali. Dada Helen Berhane, mwimbaji wa nyimbo za Injili, alifungwa tangu 2004 hata 2006, akatoka hawezi kutembea vema kwa mapigo.

Wala makanisa yaliyoachwa hayakusalimika. Abune Antonios, Patriarki wa Waorthodoksi, aliukataa mkono wa serikali katika mambo ya kanisa; akaondolewa kitini, akazuiliwa nyumbani hata kufa kwake Februari 2022, mzee wa miaka 94.

Katika sala nyingi twasikia maombi ya “wote walio taabuni,” kisha Amina, upesi. Si vibaya, lakini ni haba. Baba na awaeleze watoto jinsi chuma kichomavyo juani (bati la nyumba zetu latosha kuwafahamisha), ndipo mpige magoti. Waombeeni wafungwa maji na saburi. Waombeeni wake, waume na watoto walioachwa pasipo habari. Na walinzi washikao funguo, hao pia msiwapite.